Ukurasa Unaofuata: Usomaji wa Matokeo Mengi ya Hifadhidata kwa Vidahizo Badala ya Hesabu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna programu za tovuti zinavyogawa matokeo mengi ya hifadhidata katika kurasa. Yanadai kwamba utaratibu uliozoeleka, yaani ule wa kuruka idadi fulani ya rekodi ili kuufikia ukurasa unaotakiwa, una kasoro mbili. Kwanza, huitwisha seva kazi inayoongezeka kila msomaji anaposonga mbele. Pili, na hili ndilo kubwa kwa mtafiti, huweza kumrudishia rekodi aliyokwisha kuiona au kumficha nyingine bila ya kuacha dalili yoyote. Utaratibu unaotetewa hapa ni ule ambao wanaleksikografia wameutumia kwa muda mrefu katika vitabu vyao: kuutambulisha ukurasa kwa neno lililomo, wala si kwa hesabu. Mifano imetolewa katika kamusi na kongoo za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa isimu wa siku hizi hutumia sehemu kubwa ya muda wake mbele ya orodha. Zamani alikaa na visanduku vya kadi, akizifunua moja baada ya nyingine. Leo huandika neno katika kisanduku cha utafutaji, akabonyeza, akaletewa mistari hamsini ya kwanza pamoja na kitufe kilichoandikwa "Ukurasa unaofuata". Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lilitolewa mwaka 2016, ina maneno takriban milioni 25. Katika mkusanyiko wa ukubwa huo, kiunganishi cha kawaida kama vile "lakini" huweza kuleta makumi ya maelfu ya mistari. Hakuna kivinjari kinachoweza kuionyesha yote kwa pamoja, wala hakuna mtu awezaye kuisoma kwa mkupuo mmoja. Ni lazima igawanywe.

Ugawaji huo huonekana kuwa jambo dogo la ufundi ambalo msomi wa lugha anaweza kuwaachia wanaprogramu. Mwandishi wa makala haya naye alidhani hivyo, hadi alipokuwa akinakili mifano ya kishazi "hata hivyo" kutoka katika mkusanyiko mmoja wa matini za magazeti uliokuwa bado ukiongezewa maandiko. Mwisho wa kazi alikuta sentensi kadhaa zimejirudia katika daftari lake. Aliamini kwamba ni uzembe wake wa kunakili, akazifuta, akaendelea. Baadaye ndipo alipong'amua kwamba marudio hayo hayakutoka mkononi mwake bali katika kitufe cha "Ukurasa unaofuata", na kwamba kitufe kinachoweza kurudia sentensi kinaweza pia kuiruka. Sentensi iliyorudiwa huonekana. Iliyorukwa je, ataijuaje?

Kabla ya kuendelea ni vyema kufafanua istilahi chache. Hifadhidata (ambayo baadhi ya wataalamu huiita kanzidata) inachukuliwa hapa kuwa mkusanyiko wa majedwali yenye rekodi. Ulizo ni ombi ambalo programu huipelekea hifadhidata, mathalani: "nipe vidahizo vyote vinavyoanza na herufi p". Fahirisi ni orodha saidizi iliyopangwa, itumiwayo na hifadhidata kuifikia rekodi pasipo kulisoma jedwali zima, kama ifanyavyo faharasa mwishoni mwa kitabu.

2.0 Jedwali halina wa kwanza wala wa mwisho

Mtaalamu Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za kiuhusiano. Katika nadharia yake jedwali ni seti, na seti, kama tulivyofundishwa shuleni, haina mpangilio. Vikombe vilivyomo kabatini havina cha kwanza wala cha mwisho mpaka mtu avipange.

Jambo hili husahaulika kwa urahisi kwa sababu hifadhidata, ikiulizwa bila ya kuelezwa mpangilio, huleta majibu kwa utaratibu wa namna fulani; na mara nyingi utaratibu ni uleule leo na kesho, hata mwanaprogramu akauamini. Lakini hakuna ahadi iliyotolewa. Rekodi ikihaririwa, ikahamishiwa mahali pengine katika diski, au hifadhidata ikaamua kutumia njia nyingine ya kulijibu ulizo, mpangilio hubadilika. Kuzungumzia "ukurasa wa pili" wa kitu kisichopangwa ni kuzungumzia hewa. Sharti la kwanza la ugawaji wowote wa kurasa, basi, ni ulizo kutaja mpangilio, na mpangilio huo uwe kamili, yaani pasiwepo rekodi mbili zinazogombea nafasi moja. Tutalirejea sharti hili tutakapofika kwenye neno "paa".

3.0 Kuruka kwa hesabu

Njia iliyoenea kuliko zote hutumia maneno mawili ya lugha ya SQL: LIMIT, linaloeleza ni rekodi ngapi zinatakiwa, na OFFSET, linaloeleza ni ngapi zirukwe kwanza. Ukurasa wa kwanza huruka sifuri na kuchukua 50. Wa pili huruka 50. Wa mia huruka 4,950. Ni rahisi kuiandika, ni rahisi kuieleza, na kwa kurasa chache za mwanzo haina ubaya wowote. Ndiyo maana imo karibu katika kila kitabu cha kufundishia.

Tatizo limo katika neno "ruka". Msomaji hudhani kwamba hifadhidata huchupa juu ya rekodi 4,950 kama mtu avukaye mfereji. Sivyo. Fahirisi ya kawaida haijui ni rekodi gani iliyo ya 4,951, kwa kuwa matawi yake hayabebi hesabu ya vilivyomo chini yake. Hifadhidata hulazimika kuanza mwanzo, kuzipitia zote 4,950, kuzitupa, ndipo itoe 50 zilizoombwa. Maelezo rasmi ya PostgreSQL hayafichi jambo hili: yanasema waziwazi kuwa rekodi zinazorukwa ni lazima bado zishughulikiwe ndani ya seva, na kwa hiyo kuruka kwingi kunaweza kukosa ufanisi.

Tuchukue ulizo lenye majibu 200,000 na kurasa za mistari 50. Kurasa ni 4,000. Ukurasa wa kwanza hugharimu usomaji wa rekodi 50, wa pili 100, wa tatu 150, na wa mwisho 200,000. Programu itakayozipitia kurasa zote, tuseme ya mwanafunzi anayepakua mifano kwa ajili ya tasnifu, itailazimisha seva kusoma jumla ya rekodi 400,100,000 ili kupata 200,000. Yaani kila rekodi moja iliyomfikia imelipiwa kwa wastani wa rekodi 2,000 zilizosomwa. Na wasomaji wa seva hiyo ni wengi, kila mmoja akiwa na ulizo lake.

Watu wa upwa wetu wamezoea kuulaumu mtandao. Zamani lawama hiyo ilikuwa na haki yake: kabla ya mkonga wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya nje ilitegemea setilaiti. Lakini ucheleweshaji unaoelezwa hapa haumo njiani. Mistari hamsini ya ukurasa wa 4,000 ina uzito uleule wa mistari hamsini ya ukurasa wa kwanza. Kazi imefanyika ndani ya seva kabla herufi hata moja haijasafiri, na hakuna mkonga utakaoipunguza.

Hata hivyo, kasi si hoja kuu ya makala haya. Seva kubwa zaidi inaweza kununuliwa. Kosa la hesabu halinunuliki. Tuseme msomaji ameusoma ukurasa wa kwanza, rekodi ya 1 hadi ya 50. Anapokunywa chai yake, mhariri mahali pengine anaingiza rekodi mpya ambayo kwa mpangilio inaangukia nafasi ya 10. Zote zilizofuata zinasogea hatua moja: iliyokuwa ya 50 sasa ni ya 51. Msomaji akibonyeza "Ukurasa unaofuata", hifadhidata itaruka 50 kwa utiifu na kumpa ya 51, ambayo ameshaisoma. Sasa tugeuze. Mhariri amefuta rekodi ya 10. Iliyokuwa ya 51 imekuwa ya 50, imerudi nyuma katika ukurasa ambao msomaji ameshaupita. Ukurasa wa pili utaanza na iliyokuwa ya 52. Rekodi ile moja haitaonekana katika ukurasa wowote aliousoma, ingawa haikufutwa, haikuhaririwa, na ipo pale pale katika jedwali.

4.0 Neno la kichwani mwa ukurasa

Hebu tumwangalie msomaji wa kamusi ya karatasi. Jana aliishia neno "paa". Leo anataka kuendelea. Hahesabu maneno tangu herufi A. Hutazama maneno yaliyochapwa kichwani mwa kurasa, kidahizo cha kwanza na cha mwisho, akafungua palipo na "paa", akaendelea na kinachofuata. Hata kama tangu jana amepewa chapa mpya iliyoongezewa maneno mia tatu katika herufi B, hatapotea. Mahali alipoishia hapakutajwa kwa namba bali kwa neno, na neno halisogezwi na majirani zake.

Utaratibu wa pili wa kugawa kurasa ni huohuo. Programu inapotoa ukurasa, huhifadhi ufunguo wa rekodi ya mwisho iliyoonyeshwa, tuuite alamisho. Ukurasa unaofuata hauombwi kwa kusema "ruka 50" bali kwa kusema "nipe 50 za kwanza ambazo kwa mpangilio zinaifuata alamisho hii". Markus Winand, aliyechapisha mwaka 2012 kitabu kuhusu utendaji wa SQL, ni miongoni mwa waliolipigia debe sana jambo hili.

Ufanisi wake unatokana na umbo la fahirisi. Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa katika maabara ya utafiti ya Boeing, walieleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1972 muundo ujulikanao kama mti-B, ambao hadi leo ndio fahirisi ya msingi katika hifadhidata nyingi. Kila kifundo cha mti huo hubeba funguo nyingi zilizopangwa na kuelekeza kwenye matawi mengi. Tukikadiria matawi 200 kwa kifundo, ngazi tatu hutosha kutofautisha rekodi 8,000,000, na ngazi nne hutosha kwa kongoo yote ya maneno milioni 25 na kubakiza nafasi tele. Kuitafuta alamisho, basi, ni kushuka ngazi nne. Kuanzia hapo hifadhidata husoma rekodi 50 zilizo jirani na kusimama. Ukurasa wa 4,000 hugharimu sawa na wa pili. Majibu yale 200,000 yatapatikana kwa kusoma rekodi 200,000 na nyongeza ndogo ya mashuko hayo.

Sasa turudi kwenye sharti la mpangilio kamili. Katika Kiswahili "paa" ni homonimu: lipo paa la nyumba, yupo paa wa porini, ipo kupaa angani, na ipo kupaa magamba ya samaki. Tuseme kamusi yetu imeviorodhesha kama vidahizo vinne, na ukurasa wa kwanza umeishia kwenye kile cha pili, yaani mnyama. Alamisho ikiwa ni neno "paa" peke yake, programu inaweza kuuliza kwa namna mbili, na zote mbili ni mbaya. Ikiomba maneno yaliyo baada ya "paa", vitenzi vyote viwili vitapotea, na msomaji atatoka akiamini kwamba Kiswahili kina paa wawili tu. Ikiomba maneno yaanzayo na "paa" lenyewe, nyumba na mnyama vitarudiwa.

Dawa yake wanaleksikografia wanayo tayari: ile namba ndogo iandikwayo kando ya homonimu. Alamisho iwe na sehemu mbili, neno na namba. Ulizo litasema: nipe rekodi ambazo neno lake linafuata baada ya "paa", au ambazo neno lake ni "paa" na namba yake inazidi 2. Na fahirisi nayo ijengwe juu ya sehemu hizo mbili kwa mfuatano uleule, la sivyo hifadhidata haitaweza kushuka moja kwa moja hadi mahali panapotakiwa. Pasipokuwa na namba ya homonimu, namba ya utambulisho wa rekodi, ambayo kila jedwali lililotengenezwa vizuri huwa nayo, hufanya kazi hiyo.

Ikumbukwe kwamba utaratibu huu hauzuii mabadiliko. Huzuia tu mabadiliko yasimpoteze msomaji. Rekodi iliyoingizwa nyuma yake hataiona katika usomaji huu. Rekodi ambayo ufunguo wake wenyewe umebadilika, kwa mfano neno lililopangwa kwa idadi ya matumizi ambayo imeongezeka usiku, bado inaweza kumruka au kumrudia. Kwa hiyo mpangilio utumiwao kwa usomaji mrefu ujengwe juu ya jambo lisilobadilika.

5.0 Suala la ritifaa

Hapa hoja inaingia katika uwanja wetu hasa, nasi tunastahili kuchelewa kidogo. Alamisho hufanya kazi iwapo tu maana ya "hufuata" ni moja kwa wote wanaohusika. Je, "ng'ombe" hutangulia "ngoma" au huifuata?

Jibu hutegemea anayeulizwa. Kwa mpangilio ghafi wa misimbo ya kompyuta, ritifaa hutangulia herufi zote, hivyo "ng'ombe" atakuwa mbele hata ya "ngano". Kwa kanuni nyingine za upangaji, ritifaa hupuuzwa katika hatua ya kwanza ya ulinganishaji, na "ng'ombe" huchukuliwa kana kwamba ameandikwa "ngombe", akaangukia baada ya "ngoma" kwa kuwa b inakuja baada ya a. Hali kadhalika, misimbo ghafi huweka herufi kubwa zote kabla ya ndogo, kiasi kwamba "Zanzibar" hutangulia "asali". Zaidi ya hayo, matini za Kiswahili zilizokusanywa kutoka vyanzo mbalimbali zina ritifaa mbili tofauti, ile iliyonyooka ya taipureta na ile iliyopinda ya wachapaji. Kwa jicho ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizohusiana.

Iwapo hifadhidata inapanga kwa kanuni moja na programu ya tovuti inalinganisha alamisho kwa nyingine, maneno yote ya ng' yanaweza kuangukia katika ufa baina ya kurasa mbili. Wala hatari hii si ya kinadharia tu. Mwaka 2018 toleo la 2.28 la maktaba ya glibc, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, lilibadilisha kanuni za upangaji wa maneno. Fahirisi za PostgreSQL zilizokuwa zimejengwa kwa kanuni za awali zikajikuta zinasomwa kwa kanuni mpya, na maulizo yakashindwa kuona rekodi ambazo zilikuwemo, hadi fahirisi zilipojengwa upya. Anayetayarisha kamusi au kongoo ya Kiswahili ana kila sababu ya kusanifisha ritifaa kabla ya kuingiza matini, na kuihifadhi kando ya kila neno sura yake ya upangaji aliyoiamua yeye mwenyewe, badala ya kuiachia mashine.

6.0 Kinachopotea

Haitakuwa haki kuutetea utaratibu wa alamisho bila ya kutaja gharama yake. Msomaji hawezi tena kuomba "ukurasa wa 37", kwa kuwa hakuna anayejua ukurasa huo unaanzia neno gani mpaka zilizotangulia zisomwe. Kwa maoni ya mwandishi, hasara hii ni ndogo kuliko inavyoonekana. Nani hasa huhitaji ukurasa wa 37? Atafutaye huhitaji herufi M, au mwaka 1974, au gazeti fulani; na hayo yote ni funguo ambazo fahirisi huweza kuzishukia moja kwa moja. Namba za kurasa zilizopangwa chini ya skrini ni mazoea ya kitabu yaliyohamishwa yakaachwa bila ya kitabu chenyewe.

Kurudi nyuma kunawezekana: ulizo hugeuzwa, likaomba 50 zinazoitangulia rekodi ya kwanza ya ukurasa, kwa mpangilio wa kinyume, kisha programu ikazipindua kabla ya kuzionyesha. Kujua kama kuna ukurasa mwingine nako ni rahisi. Programu huomba 51, ikaonyesha 50. Lililo gumu ni jumla kuu. Maandishi "1 hadi 50 kati ya 200,000" huilazimu hifadhidata kuyahesabu majibu yote, na kazi hiyo mara nyingi huwa nzito kuliko kuutoa ukurasa wenyewe. Jumla ihesabiwe mara moja na kutunzwa, au litolewe kadirio linaloitwa kadirio.

Ipo pia njia ya kuiacha hifadhidata ikishikilia orodha nzima kwa niaba ya msomaji hadi amalize. Njia hii hufaa ofisini, kwa programu iliyounganishwa moja kwa moja. Katika tovuti haifai sana, kwa sababu itifaki ya HTTP haikumbuki kitu baina ya ombi moja na jingine, na seva haiwezi kujua kama msomaji bado anasoma au amefunga kompyuta akaenda zake.

7.0 Kurasa na sampuli

Limebaki jambo moja ambalo huwagusa wanafunzi wa uzamili kuliko mengine yote. Akiletewa mistari 200,000, mwanafunzi husoma kurasa kumi za kwanza, mistari 500, na kuiita sampuli. Lakini mistari hiyo imepangwa. Kama imepangwa kwa chanzo, 500 zote zaweza kutoka katika gazeti moja. Kama imepangwa kwa neno linalofuata, atachunguza "lakini" inayofuatwa na maneno ya herufi A peke yake, kisha aandike hitimisho kuhusu Kiswahili kizima.

Baadhi ya mifumo hujaribu kusaidia kwa kitufe cha kuchanganya. Kitufe hicho kikichanganya upya katika kila ukurasa, hali huwa mbaya zaidi: ukurasa wa pili unatoka katika mchanganyiko usiohusiana na ule wa kwanza, mistari mingine ikatokea mara mbili na mingine isitokee kamwe. Suluhisho ni kuipa kila rekodi, siku inapoingizwa, namba ya bahati nasibu isiyobadilika, kuijengea fahirisi pamoja na neno na namba ya utambulisho, na kuitumia kama ufunguo wa mpangilio. Kurasa kumi za kwanza kwa mpangilio huo ni sampuli ya kweli. Mwanafunzi akitaka kuiongeza, ataendelea na ukurasa wa kumi na moja kutoka alamisho aliyoishia. Na msimamizi wake, akipewa toleo la kongoo na alamisho ya mwanzo na ya mwisho, ataweza kuifungua mistari ileile 500 na kuikagua mmoja mmoja.